Kuonyesha, Kukodisha, Kuuza: Safari ya Filamu Kutoka kwa Mtengenezaji hadi kwa Mtazamaji

Miaka michache iliyopita alitufikia ofisini mtayarishaji mmoja wa filamu, mkazi wa Kinondoni, akiwa na karatasi mbili zilizopigwa chapa kwa Kiingereza. Chini yake palikuwa na sahihi yake mwenyewe na ya msambazaji wake wa Kariakoo. Hakuja kushtaki, alikuja kufasiriwa. “Ndugu,” alisema, “mimi niliuza filamu. Fedha nilipokea, sikatai. Sasa nataka kuipeleka televisheni nazuiwa. Nataka kuitengeneza upya naambiwa hadithi si yangu. Niliuza nini hasa?”

Tulimsomea karatasi zile sentensi kwa sentensi, na jibu lilikuwa chungu: aliuza kila kitu. Hata hivyo kosa halikuwa lake peke yake. Kitenzi “kuuza”, jinsi kinavyotumika katika biashara ya filamu hapa Dar es Salaam, kimebebeshwa mizigo mitatu kwa pamoja, na mtu hawezi kujua ameutua upi. Katika makala haya tutajaribu kueleza hali hiyo ilivyotokea, kwa kufuata vitenzi ambavyo kwavyo filamu imekuwa ikimfikia mtazamaji.

Kitenzi cha kwanza kilikuwa “kuonyesha”. Kati ya mwaka 1935 na 1937 uliendeshwa mradi wa majaribio ya sinema huko Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Meja L. A. Notcutt. Mradi ule ulitengeneza filamu za mafunzo juu ya kilimo, afya na uwekaji wa akiba, kisha gari likazunguka nazo katika Tanganyika na nchi za jirani. Sauti haikuwamo ndani ya filamu. Iliwekwa pembeni, katika sahani za santuri, ili picha ile ile iweze kusemeshwa kwa lugha mbalimbali kulingana na mahali. Jambo hili wafasiri walikumbuke, maana tutalirudia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikafuata filamu za hadithi kwa Kiswahili, zilizotengenezwa na kampuni ya Afrika Kusini kwa ajili ya serikali ya kikoloni. Mojawapo ni “Muhogo Mchungu”, ambamo alicheza mtumishi mmoja kijana wa serikali aliyeitwa Rashidi Kawawa. Mwaka 1962 mchezaji huyo akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Tunalitaja hili kwa sababu baadhi ya watumishi wenzetu bado huiona filamu kuwa kazi ya wasio na kazi. Lakini kwa upande wa lugha, jambo kubwa ni kwamba katika kipindi hicho mwenye filamu ndiye aliyeionyesha. Hapakuwa na mtu wa katikati, na kwa hiyo hapakuwa na haja ya neno la kumtaja.

Mtu wa katikati alikuwapo kwenye majumba ya sinema ya mjini. Avalon, Empire, Odeon na mengineyo yalikuwa katikati ya jiji, si Temeke wala Magomeni. Mkazi wa pembezoni alikwenda mjini kutazama picha. Mwaka 1966 likafunguliwa eneo la sinema ya magari, Drive-In, huko Msasani, mahali ambapo leo upo ubalozi wa Marekani. Mikanda iliyoonyeshwa katika majumba hayo, mingi ikiwa ya Kihindi na ya Kimarekani, haikuwa mali ya mwenye jumba. Aliikodi, akaionyesha kwa siku walizokubaliana, kisha akairudisha ili iende kwingine. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ilipopewa kazi ya kuagiza na kugawa filamu za kigeni, mwenendo huo haukubadilika. Kilichobadilika ni mwenye mikanda.

Tazama sasa jinsi lugha ya watu wa kawaida ilivyokuwa imepangika wakati huo. “Sinema” lilikuwa jumba, au onyesho lenyewe. “Picha” ilikuwa kazi: watu walisema picha ya jana ilikuwa nzuri, picha ilihuzunisha. “Mkanda” kilikuwa kitu cha kushikika, ambacho kiliweza kukatika katikati ya onyesho watu wakapiga miluzi. Hakuna aliyedhani kwamba kukodi mkanda ni kumiliki picha. Mgawanyo huo haukuwekwa na kamati yoyote ya istilahi; uliwekwa na watazamaji, na ulikuwa safi kuliko wetu.

Video ndiyo iliyouvuruga. Katika miaka ya 1980 kanda ya video ilianza kuingia majumbani mwa wenye uwezo, na muda si mrefu ikateremka mitaani. Huko Temeke, Mbagala, Manzese na Mwananyamala vilizuka vibanda vya video: kuta za mabati au magunia, mabenchi, televisheni moja juu ya meza, na kijana mlangoni akipokea fedha. Wenyewe waliviita “vibanda umiza”, jina ambalo aliyewahi kukaa kwenye mabenchi yale saa tatu mfululizo hahitaji kuelezwa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilikuwa imekwishaweka utaratibu wa vibali vya kuonyesha filamu, lakini ilitungwa kwa kuyatazama majumba makubwa, na kibanda cha mabati kilikuwa chepesi kufunguliwa na chepesi kuhamishwa.

Ndani ya vibanda hivyo ile sauti ya pembeni ilirudi. Filamu ya Hong Kong au ya Marekani ilipowekwa, alisimama mtu na kipaza sauti akaifasiri papo kwa papo, akiongeza majina ya mitaa ya hapa, mizaha, na maonyo kwa mhusika aliyekuwa karibu kupigwa. Baadaye wafasiri hao waliingiza sauti zao katika kanda zenyewe, na kanda hizo zikauzwa. Aliyepata umaarufu mkubwa kati yao ni yule aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Sisi wa ofisini tumezoea kusema kwamba ile si tafsiri bali ni usimulizi. Yamkini ni kweli. Lakini mtazamaji wa Tandika alisema “filamu imetafsiriwa”, na ni yeye aliyelipa. Vivyo hivyo sisi tulisema “mhusika mkuu”, kibanda kikasema “stelingi”, na kila mtoto wa mjini anajua nani alishinda.

Kisha wakazi wa mitaa hiyo hiyo wakaanza kutengeneza filamu zao. Wengi walitoka katika vikundi vya maigizo vilivyoonekana kwenye televisheni, mathalani Kaole, baada ya vituo vya televisheni kuanza Tanzania Bara mwaka 1994. “Girlfriend” ya George Tyson, mwaka 2003, ilidhihirisha kwamba filamu ya vijana wa Dar es Salaam inaweza kupata soko. Upigaji picha ulifanyika katika nyumba za kuazima huko Sinza au Mbezi, kwa siku chache, na hadithi moja ikauzwa katika sehemu mbili ili inunuliwe mara mbili.

Kazi ilipokamilika mtayarishaji alichukua nakala mama, “masta” kama inavyoitwa, akaipeleka Kariakoo. Msambazaji alitoa fedha za mkupuo, akabaki na masta. Hilo ndilo lililoitwa kuuza filamu. Hapa ndipo mkanda na picha vilipochanganyika: aliyekabidhi kitu cha kushikika alidhani amekabidhi kitu tu, na aliyekipokea alikuwa na karatasi isemayo kwamba amepokea kazi yote. Duka nalo likauza filamu kwa mteja, kwa kitenzi kile kile, ingawa mteja alipata diski moja tu ya kutazama sebuleni.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwapo tangu mwaka 1999, nayo hutenganisha haki za kiuchumi na haki za kimaadili. Lakini iliandikwa kwa Kiingereza, na wahusika walizungumza Kiswahili. Wasanii walipoandamana Kariakoo mwezi Aprili 2017, walilalamikia filamu za kigeni zilizouzwa bila kulipiwa kodi, na lawama ziliwaelekea wachuuzi wa diski. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Ila mtu aliyekwisha kuhamisha haki zake zote hana tena cha kulindiwa, hata mchuuzi wa barabarani akikamatwa. Soko la diski lenyewe limefifia tangu hapo, na kazi sasa huenda kwenye chaneli za kulipia na kwenye simu. Mikataba nayo imezidi kuwa mirefu.

Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, mikataba ya aina hii inatufikia mara nyingi zaidi, na mfasiri hana pa kujificha. Kwa maoni yetu, asikubali “kuuza filamu” kusimama peke yake katika hati yoyote. Panapohusika diski, iandikwe “kuuza nakala”. Panapohusika ruhusa ya muda, iandikwe “kutoa leseni”, na muda, eneo na njia ya kuonyesha vitajwe. Panapohusika kazi nzima, iandikwe “kuhamisha hakimiliki”, maneno ambayo yatamfanya mtia sahihi asite kidogo. Wapo wenzetu wanaoona kwamba “leseni” linafaa zaidi kwa magari na vileo. Tumelifikiria, na hatujapata lililo bora.

Yule ndugu wa Kinondoni alirudi mwaka uliofuata na filamu nyingine na mkataba mwingine, safari hii kwa Kiswahili na kabla ya kutia sahihi. Tulikaa naye asubuhi nzima. Neno “kuuza” lilikuwamo mara saba. Tulipomaliza lilibaki moja, kuhusu diski. Alitueleza baadaye kwamba msambazaji aliisoma karatasi, akacheka, akauliza kama siku hizi kuuza kumepigwa marufuku. Kisha akauliza leseni ni ya miaka mingapi.