Ngoma Yako Imeibwa YouTube? Hivi Ndivyo Inashushwa

Uko Rongo ama Mbita, umelipa studio, umetoa ohangla kali. Wiki moja baadaye ngoma iko kwa chaneli ya msee mwingine na ni yeye anakula doo. Usipoteze bando ukimtusi kwa komenti. Iko njia.

YouTube wako na fomu ya malalamiko ya hakimiliki, na ni ya bure. Weka linki ya video, sema kazi yako ni gani, thibitisha ni yako. Wakikubali, video inashuka na huyo msee anapata straiki. Akifikisha 3 ndani ya siku 90, chaneli inaweza kuzimwa.

Lakini anaweza kupinga. Hapo unapewa siku 10 za kazi uonyeshe umeenda korti. Ukinyamaza, video inaweza kurudi.

Hii kitu hushika hata wakubwa. 2019, "Uno" ya Harmonize ilishushwa YouTube baada ya prodyuza Magix Enga kulalamika kuhusu biti. Baadaye ikarudi.

Sheria ya Kenya nayo, tangu marekebisho ya 2019, inapea kampuni ya intaneti saa 48 kuzima kazi ya wizi ikipata notisi halali. Ukidanganya kwa notisi, hiyo ni kosa, na unaweza kulala ndani.

So kabla uapishwe na mtu: sajili kazi KECOBO, weka faili za studio, na mwandikiane na prodyuza biti ni ya nani. Maneno ya mdomo haitakuokoa.