Kabla Halijawa Pipa la Maji

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina pipa la bluu mahali fulani: uani chini ya gata, bafuni nyuma ya mlango, au jikoni limefunikwa sinia. Tumezoea kuliita pipa la maji, basi, na maelezo yameishia hapo. Lakini pipa hilo halikutengenezwa kwa ajili ya maji yetu. Lilikuja na mzigo wa mtu mwingine, likafunguliwa, likamwagwa, likauzwa, ndipo likaanza maisha ya pili kwetu. Mimi ni mjukuu wa fundi bati wa mtaa wa Gerezani, nimekulia katikati ya vyombo vya namna hii, na naamini historia ya mji huu inasomeka humo kuliko katika majengo mengi tunayopelekwa kuyatazama.

Zamani pwani maji yalikaa mtungini, na wenye uwezo walikuwa na kasiki, lile gudulia kubwa la udongo ambalo likishawekwa pembeni halihamishwi tena. Kisha likaja debe. Mwishoni mwa karne ya 19 mafuta ya taa ya Marekani yalikuwa yakiteremshwa Unguja na bandari nyingine za pwani ndani ya madebe ya bati, mawili mawili katika sanduku la mbao. Taa ziliwaka, mafuta yakaisha, debe likabaki. Wanawake wakalibeba kichwani kwenda kisimani, wafanyabiashara wakalifanya kipimo cha nafaka, na watu waliochoka kubadilisha makuti kila baada ya miaka michache wakalipasua, wakalinyoosha na kulipigilia juu ya nyumba. Dar es Salaam ya wakati wa Mwingereza ilikuwa na mapaa mengi ya madebe, yenye kutu, yenye viraka, lakini yasiyoshika moto kama makuti. Babu alianzia kazi hapo. Alitengeneza koroboi, keni za kumwagilia na vipande vya gata, vyote kwa mkasi, nyundo na risasi ya kuungia.

Pipa la chuma ni la baadaye kidogo, na asili yake inajulikana vizuri. Desemba 1905 nchini Marekani, Henry Wehrhahn alipewa hataza za pipa la chuma lenye mikanda mwilini, akiwa mwajiriwa wa kiwanda cha Iron Clad. Mwenye kiwanda alikuwa Nellie Bly, yule mwandishi wa habari aliyeizunguka dunia kwa siku 72. Kutoka hapo pipa la lita 200 likawa chombo cha mafuta cha dunia nzima, na Vita Kuu ya Pili ikalisambaza kila palipokuwa na lori au ndege. Waingereza walilihesabu kuwa galoni 44. Debe lilikuwa galoni nne, kwa hiyo pipa moja ni madebe 11 kamili, hesabu ambayo kila muuza maji wa zamani aliijua bila kushika kalamu.

Kuna kipindi kimoja cha mapipa ambacho nasikitika kuona vitabu vyetu vya shule vinakipita haraka. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya Ian Smith ilijitangazia uhuru Rhodesia ya Kusini. Zambia ilikuwa ikipata mafuta yake kupitia huko, na mwezi uliofuata njia hiyo ikafungwa. Nchi changa, isiyo na bahari, yenye migodi mikubwa ya shaba, ilikuwa karibu kusimama. Mafuta ikabidi yapite Dar es Salaam, na kwa kuwa bomba halikuwepo, yalikwenda ndani ya mapipa. Malori yalipakia na kushika njia ya Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, sehemu kubwa ikiwa barabara ya vumbi ambayo masika huigeuza tope. Malori yalipinduka, watu walikufa. Wazungu waliokuwa wakiendesha humo waliiita barabara hiyo njia ya jehanamu, na hawakutia chumvi. Hali hiyo iliendelea mpaka mwaka 1968 lilipofunguliwa bomba la TAZAMA, kilomita zaidi ya 1,700 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola.

Babu alikuwa akisema kwamba miaka ile fundi hakukosa pipa. Nakumbuka alivyolifungua. Kwanza kizibo kilitolewa na pipa likajazwa maji hadi pomoni, kwa sababu pipa la petroli lililokauka ni hatari kuliko lililojaa: mvuke uliobaki ndani unasubiri cheche tu, na tindo juu ya chuma haikosi cheche. Baada ya kumwaga maji alipita na tindo ukingoni, pigo baada ya pigo, mpaka mfuniko ukaachia. Kisha alishuka na mshono wa ubavuni, akalikunjua kwa miguu na nyundo. Lilipolala chini lilikuwa bati nene la karibu mita 1.8 kwa sentimita 85. Humo mlitoka majiko ya mkaa, makarai, masanduku ya wanafunzi wa bweni, mlango wa choo. Mfuniko ulikuwa kikaango. Kazi hiyo hiyo ilifanyika Kamukunji, Nairobi, kwa mafundi wa jua kali, ambao mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea na kuagiza wajengewe vibanda vya kuwakinga na jua lenyewe. Kelele ya nyundo katika mitaa hiyo ilikuwa kelele ya watu kulisha watoto wao.

Kisha plastiki ikaja, na nyundo ikakosa kazi.

Mwaka 1933 wakemia wawili wa kampuni ya ICI huko Uingereza, Reginald Gibson na Eric Fawcett, walipata polithini bila kuitafuta, katika jaribio la vitu vingine kabisa. Mwaka 1953 Karl Ziegler wa Ujerumani akapata njia ya kutengeneza ile ngumu, isiyohitaji kanieneo kubwa, na kazi hiyo ikamletea tuzo ya Nobel mwaka 1963. Ngumu hiyo ndiyo ya mapipa yetu ya bluu. Haishiki kutu, asidi nyingi haziili, na pipa lake tupu hubebwa na mtu mmoja bila kuhema. Viwanda vyetu viliyapokea yakiwa na malighafi za sabuni, rangi na vinywaji, na yalipokuwa matupu yakatoka getini kwa mlango wa nyuma hadi kwa wachuuzi.

Hapa ndipo naona badiliko kubwa ambalo halijasemwa vya kutosha. Chuma kilimtaka fundi. Ilibidi umpelekee pipa, mpatane bei, urudi kesho. Plastiki haipigiki wala haiungiki kwa risasi, lakini inakatika kwa kisu cha jikoni. Kwa hiyo kazi ya kuligeuza pipa ilitoka Gerezani ikaingia uani, ikatoka mikononi mwa wanaume wachache wenye tindo ikaingia mikononi mwa yeyote, na zaidi mikononi mwa akina mama. Mafundi bati walipoteza. Siwezi kujifanya kwamba hawakupoteza, nimewaona. Lakini ubunifu wa nyumbani uliofuata ni mkubwa, na hauna jina la mtu hata mmoja.

Mama yangu mdogo, anayeishi Mbagala kwenye kiwanja ambacho ukimwaga karai la maji limefika kwa jirani, analima mboga katika pipa lililosimama wima. Huchora kwa chaki mistari ya kulala kuzunguka pipa, kila mmoja sentimita 20 juu ya mwenzake, na katika kila mstari hukata nyufa za sentimita 12 hivi kwa kisu kilichopashwa moto jikoni. Nyufa za mstari wa juu hazikai sawasawa na za chini, ili mizizi isigombanie udongo uleule. Kisha hushika kijinga cha moto karibu na ufa, asiuguse, mpaka plastiki ianze kung'aa na kulegea. Papo hapo huingiza shingo ya chupa ya soda, hukandamiza chini, na mdomo wa ufa hujitokeza nje. Humwagia maji ya baridi, mdomo hukaa hivyo hivyo. Chini ya pipa hutoboa matundu na kutandaza kokoto. Katikati husimamisha bomba la plastiki lenye matundu, ambamo hutupa maganda ya ndizi na kumwagia maji, ili mboga za chini zipate sawa na za juu. Udongo huchanganywa na samadi iliyooza. Mchicha, figili, sukuma wiki na vitunguu vya majani hutoka kila mdomo. Ushauri wake mmoja ni wa thamani: chagua mahali kabla ya kujaza, maana pipa la udongo mbichi lina uzito wa kilo zaidi ya 250 na hakuna atakayekusaidia kulihamisha.

Matumizi mengine nitayapitia upesi. Likipasuliwa kwa urefu linakuwa vihori viwili vya mbuzi. Likiinuliwa juu ya jukwaa la mita moja linamwagilia bustani kwa matone kupitia mipira myembamba. Kilimanjaro, mbege iliyokuwa ikichachishwa katika mapipa ya mbao sasa mara nyingi iko ndani ya plastiki, na wazee wa huko wana malalamiko yao kuhusu ladha ambayo nayaheshimu. Mwaka 2020, korona ilipoingia, mapipa yenye koki yalisimama kwenye milango ya maduka na vituo vya daladala ndani ya siku chache tu, kwa sababu ujuzi wa kutoboa na kufunga koki ulikuwa tayari umeenea mitaani.

Lakini kazi kubwa bado ni maji. Mitambo ya maji ya Ruvu Juu ilijengwa mwaka 1959 na ya Ruvu Chini katikati ya miaka ya 1970, na tangu hapo mji umekua kuliko mabomba. Pipa ndilo limejaza pengo. Hesabu yake ni rahisi: mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya bati la mita 10 za mraba inatoa lita 200, yaani pipa zima. Masika moja tu inaweza kukujazia mara nyingi, ukiwa na gata safi na ukiachia maji ya kwanza yaoshe vumbi la bati.

Na hapo hapo lazima lifunikwe. Mbu wa Aedes, anayeeneza dengi na kuuma mchana, hutaga kwenye ukuta wa ndani wa pipa, juu kidogo ya maji, na mayai yake huvumilia ukavu kwa miezi. Dar es Salaam ilisumbuliwa na dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sugua kuta.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya niandike haya yote. Pipa la chuma lilijitangaza lenyewe, ukilinusa tu unajua ni petroli au lami. La plastiki linanyamaza. Lililobeba juisi nzito ya matunda na lililobeba dawa ya kuulia wadudu yanafanana rangi, umbo na bei. Watu wengi hutazama ile pembetatu yenye namba 2 chini ya pipa na kuridhika, lakini namba hiyo inataja aina ya plastiki tu. Haisemi pipa lilibeba nini. Plastiki hii hunywa kidogo kile inachobeba: nimeona pipa la salfoniki, ile asidi ya watengeneza sabuni ya maji, limeoshwa na kuanikwa, na bado ukitia maji na kulitikisa linatoa povu.

Basi ukienda kununua, muulize muuzaji lilibeba nini, na utafute lebo au mabaki ya lebo ubavuni. Lililobeba chakula, lioshe na ulitumie kwa chochote. Lisilojulikana, lisiwekewe maji ya kunywa wala mboga za kula. Na lenye alama ya fuvu au la viuatilifu halina kazi yoyote nyumbani kwako, hata likioshwa mara tatu: litobolewe ili asilitumie mwingine, na lirudishwe kwa aliyeiuza dawa.