Harufu ya pipa si ushahidi



Mwaka jana OPJ mmoja aliingia kwa mama jirani yetu, akafungua pipa, akanusa, akaandika PV: lutuku. Ndani mulikuwa mihogo ya kuloweka siku tatu, ya kufanya unga. Mama akalipa amande, kesi haikufika mahakamani. Mimi nilisoma agronomia, nilikuwa nimesimama pale pale. Nikanyamaza.

Juu ya aibu ile nikaanza kusoma namna wengine walivyohukumu mambo haya. Marekani walikataza pombe nchi nzima kuanzia Januari 1920 mpaka Desemba 1933. Watu wakatengeneza wiski kwa siri, na mahakama zikabaki na swali: tuamini nani?

Kwanza, tumwamini anayekula kwenye faini? Huko Ohio, meya wa kijiji alimhukumu mtu aitwaye Tumey kulipa dola 100 kwa kukutwa na pombe. Kumbe meya alipata dola 12 zake kama mshitakiwa anakutwa na kosa. Akimwachilia, hapati kitu. Wapelelezi nao walipata sehemu yao ya faini. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ilifuta hukumu ile: hakimu mwenye faida katika kesi si hakimu. Mimi naongeza: shahidi naye ni vile vile.

Pili, tuamini pua? Mwaka 1932, kesi ya Taylor, maofisa walinusa wiski kwenye garaji huko Baltimore, wakaingia bila mandati, wakakuta kreti 122. Pua haikudanganya! Lakini mahakama ilisema harufu ni dalili tu. Peke yake haitoshi kuingia kwa mtu bila mandati.

Mwaka ule ule, kesi ya Grau: maofisa waliona watu wakiingiza nyumbani kitu kama sukari ya mahindi, wakanusa kimea kinachopikwa. Walipata mandati, wakakuta mtambo. Ila sheria iliruhusu kupekua nyumba ya kuishi kama pombe inauzwa humo, na wao walionyesha dalili za kutengeneza tu. Ushahidi ukatupwa.

Mutasema: basi wenye kosa waliponyoka. Ni kweli, na lutuku mbaya inaua, sikatai. Lakini mihogo ya kuloweka, mahindi ya nguruwe na pombe, vyote vinachacha, vyote vinanuka. Kinachotofautisha ni mtambo: moto, bomba, maji ya kupoza, maana alkoli inachemka kwenye digrii 78, mbele ya maji. Halafu kuna kipimo cha alkoli, kile kinachoelea ndani ya chupa. Onyesha hivyo, chupa ifungwe mbele ya mashahidi, ndipo uandike PV.

Haya tuliyafundishwa darasani. Mama yule hakuyajua, OPJ hakuulizwa. Aliyejua ni mimi, na sikufungua kinywa. Wewe ungekuwa pale, ungesema?