Alama ya Mtu na Alama ya Karatasi: Ufundi wa Kurekebisha Picha Changamwe

Picha zilikuwa zikirekebishwa Changamwe kabla ya simu, kabla ya kompyuta, hata kabla picha za rangi hazijaenea. Vijana wanaokuja kibandani kwangu Magongo hudhani kazi hii imezaliwa na simu zao, na ndiyo maana nimeona niandike. Mimi nimeifanya kwa penseli, kwa brashi, kwa kipanya, na sasa kwa kidole. Kazi ni ile ile: kupunguza mwanga hapa, kuongeza pale, kukata kilichozidi, kuziba palipochubuka. Kilichobadilika ni kasi, na kasi inatusahaulisha swali ambalo fundi aliyenifundisha alilitanguliza kabla ya kushika chombo chochote: hii alama unayotaka kuiondoa ni ya mtu, au ni ya karatasi?

Changamwe, upande wa bara wa Mombasa, ni mtaa wa wafanyakazi. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896 kutoka Mombasa, ilitoka kisiwani na kupita kwetu ikielekea bara, na mpiga picha William Young aliufuata ujenzi huo na kamera yake. Baadaye bandari ya Kilindini ikapanuka, na mwaka 1963 kiwanda cha kusafisha mafuta kikafunguliwa hapa hapa Changamwe. Watu wakaja kutoka Taita, Ukambani, Nyanza na Magharibi, wakapanga vyumba Chaani, Magongo na Mikindani. Mtu akishapata kazi na mshahara wa kwanza, alikwenda kupigwa picha aitume nyumbani. Picha ile ilibeba habari ambazo barua haikuweza kuzibeba: nimefika, ni mzima, nina viatu. Mama yake angeionyesha kijiji kizima. Kwa hiyo haikuwa anasa, na haikufaa itoke mbovu.

Wenye nafasi walivuka Makupa wakaenda kisiwani, ambako studio ya N. V. Parekh, iliyoanza miaka ya 1940, ilipiga picha za Wahindi, Waswahili na watu wa bara kwa ustadi ambao leo unaonyeshwa ng'ambo katika majumba ya sanaa. Wengine tulibaki na studio zetu za bara hii ya Changamwe. Chumba cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa na stuli, cha nyuma kilikuwa cha giza. Msumarini lilining'inia koti la studio pamoja na tai iliyokwisha kufungwa. Kuli wa bandarini aliingia na shati la kazi, akavaa koti, akakaa wima, akatoka kwenye picha kama karani. Hakuna aliyemwita mwongo. Koti lilikuwa heshima aliyoiazima kwa dakika chache ili watu wake waipokee.

Kazi kubwa ilikuwa chumba cha nyuma. Dawa za kusafisha filamu zilitengenezwa zitumike kwenye baridi ya nyuzi 20 hivi, na Changamwe mchana wa Machi hata maji ya bomba ni ya vuguvugu. Dawa ikipata joto, ule utando laini wa filamu ulioshika sura huvimba, hupasuka, hata huteleza ukatoka. Kwa hiyo kabla ya kufunga mlango tulitumwa barafu, tukaivunja na kuiweka kwenye beseni, tukatia trei za dawa juu yake. Kisha taa nyekundu, mashine ya kukuzia, na mikono.

Mikono ndiyo ilikuwa programu yetu. Karatasi ya picha kila ikipata mwanga zaidi hutoka nyeusi zaidi. Kwa hiyo uso ukiwa mzito, fundi alichukua kiduara cha kadi kilichobandikwa kwenye waya, akakipitisha juu ya kivuli cha uso huku mwanga unamwagika, akikitikisa bila kusita ili ukingo wake usionekane. Mbingu ikiwa nyeupe mno, alikunja viganja viwili akaacha tundu dogo, mwanga ukapita hapo tu, mbingu ikaiva. Mwenye macho mazuri ungemjua kwa hilo: picha yake haikuonyesha mahali mkono ulipopita.

Halafu kulikuwa na penseli. Negativu, yaani ile filamu iliyokwisha kusafishwa, ilipakwa dawa nyepesi ya kunata ili risasi ya penseli ishike, ikawekwa juu ya kioo chenye taa chini yake. Kwenye negativu mambo yamepinduka, mkunjo wa uso unaonekana kama mstari mwangavu. Fundi alichonga penseli ikawa kama sindano, akautia mstari ule nukta ndogo ndogo, hata akikuza picha mkunjo umelainika. Palipohitaji kukolezwa weusi, kama nyusi zilizofifia, alikwangua kwa ncha ya wembe. Vumbi lililokaa juu ya negativu liliacha vidoa vyeupe kwenye picha, navyo vilizibwa kwa brashi ya nywele chache na wino uliopunguzwa kwa maji. Na hapo ndipo swali la fundi wangu lilipokuja. Kidoa cha vumbi ni cha karatasi, kiondoe. Kivuli chini ya macho kilicholetwa na taa mbaya si chake yule mtu, kipunguze. Lakini chale, kovu, pengo la jino, hivyo ni vya mwenyewe. Usiguse mpaka mwenyewe aseme.

Wapo waliokwenda mbali zaidi, na sioni vibaya kuwasifu. Huko Lamu, Omar Said Bakor, aliyejifunza kazi mwenyewe na kufungua studio miaka ya 1960, alikata sura za watu akazipanga upya, akazizungushia mapambo, akamweka mtu mmoja mahali pawili katika picha moja. Ulaya walikuwa wameanza mapema: mwaka 1857 Oscar Rejlander aliunganisha negativu zipatazo 30 akapata picha moja kubwa, watu wakabishana kama ni picha au ni uzushi. Kazi ya Bakor haikumdanganya mtu. Aliyeiangalia alijua kwamba hiyo ni sanaa, na aliyepigwa alikuwa ameiomba.

Jambo jingine ambalo watu wa pwani waliliangalia sana ni negativu yenyewe. Familia nyingi za Kiislamu, hasa picha ikiwa ya mwanamke bila buibui, ziliomba negativu pamoja na picha, kisiachwe kitu dukani. Fundi wangu aliwapa bila kuulizwa mara mbili. Picha ya mtu ni amana, na aliyeishika hana ruhusa ya kuifanyia alitakalo.

Picha za rangi zilipotawala, kazi ilitoka mikononi mwetu ikaenda kwenye maabara za mjini, na mashine zikaja na tabia zao. Kodak ilisambaza kwa maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, na miaka mingi rangi zilisawazishwa kwa ngozi ya aina hiyo. Ngozi nyeusi ilibaki kujitafutia. Hapa Mombasa tatizo lilikuwa na nyongeza yake. Mashine hupima wastani wa picha nzima. Mwanamke aliyevaa buibui, mashine iliona weusi mwingi ikadhani picha imekosa mwanga, ikaing'arisha, buibui likawa la kijivu na uso ukapauka kama una homa. Mwanamume aliyevaa kanzu, iliona weupe mwingi ikaizamisha, uso ukawa kivuli juu ya kanzu. Fundi mzuri wa maabara hakuiacha mashine iamue. Alibonyeza kitufe cha uzito, akarekebisha sayani, majenta na njano, akaangalia uso tu: ukikaa sawa, nguo itajipanga yenyewe. Katika miaka ya 1990 wapiga picha wa feri ya Likoni nao walishika njia nyingine. Waliyageuza mazingira badala ya uso, kwa mapazia yaliyochorwa meli na ndege na maua ya karatasi, mtu akasafiri akiwa amesimama.

Kule Marekani ndugu wawili, Thomas na John Knoll, walikuwa wametengeneza Photoshop, programu ya kompyuta ya kurekebisha picha, iliyotoka Februari 1990. Thomas alikulia karibu na chumba cha giza cha baba yao huko Michigan, na kazi yake inaonyesha. Nilipoifungua mara ya kwanza kwenye kompyuta kuukuu hapa Magongo, nilikuta pembeni mwa kioo kiduara kwenye kijiti na kiganja kilichokunjwa. Sikuhitaji kufundishwa. Kiduara kinaangaza, kiganja kinakoleza, kama ilivyokuwa chini ya taa nyekundu.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya picha za zamani. Unyevu wa pwani hauna huruma; kuvu huota juu ya picha, karatasi hushikana na kioo cha fremu. Mama mmoja wa Chaani aliniletea picha ya marehemu mumewe, imekunjwa mara nne, mkunjo umepita katikati ya uso. Niliiweka kwenye skana, nikaikuza mpaka tundu la pua likajaa kioo, nikaanza kuchukua kipande cha ngozi nzima cha jirani na kukihamishia palipochanika, kidogo kidogo, nikifuata uelekeo wa mwanga. Nilipofika kidevuni nikakuta mstari mweupe uliokwenda mshazari, haufuati mkunjo.

"Mama, hili la kidevuni niliondoe?"

"Liache, mwanangu. Hilo alilipata bandarini, kamba ilimkatikia. Ukiliondoa utaniletea mume mwengine."

Mkunjo ulitoka, kovu likabaki. Akaitia kwenye fremu mpya hapo hapo kibandani.

Leo wateja wangu wengi ni wa aina mbili. Wa kwanza wanataka picha ya programu ya mazishi. Marehemu ana picha moja tu, ya harusini, kasimama katikati ya watu. Namkata, namvalisha suti, namwekea nyuma rangi tulivu. Lile koti la msumarini limerudi kwa njia nyingine, na lina heshima ile ile. Wa pili ni vijana wanaotafuta kazi Saudi Arabia na Qatar. Hao nawapa mandhari nyeupe na mwanga uliosawazika, basi. Tangu Kenya ianze pasipoti ya kielektroniki mwaka 2017, mashine za mpakani zinaweza kulinganisha uso na picha iliyohifadhiwa ndani ya chipu, na anayeomba nimpunguze pua au nimfanye mweupe namweleza kwamba uso aliouleta ndio utakaomvusha.

Kwa kijana anayeanza na simu, utaratibu wa chumba cha giza bado unatosha. Weka nakala ya picha asili kando, usiiguse. Inyooshe, bahari isimwagike upande mmoja. Kata kisichohusika. Rekebisha mwanga kwa kuangalia uso, na kama kuna kanzu au buibui kumbuka kwamba simu nayo inaweza kudanganywa na weupe au weusi mwingi. Fungua vivuli kidogo, usivimalize, kwa sababu uso usio na kivuli hauna umbo. Rangi isawazishe kwa kitu unachojua ni cheupe. Ziba vidoa. Ukali uongeze mwisho, tena kidogo. Programu kama Snapseed zinafanya yote haya bila malipo, na ukiyafuata kwa mpangilio huu picha mbovu itasimama.

Kitufe ninachowaomba wasikiguse ni kile kinachofanya yote kwa mara moja: kinalainisha ngozi, kinaing'arisha, kinachonga taya. Hakiulizi. Kwake kovu na kidoa cha vumbi ni kitu kimoja, na weusi ni kasoro kama ukosefu wa mwanga. Kadi ile ya mwanamke mzungu tuliipinga kwa mikono miaka mingi bila hata kujua jina lake; haifai tukubali kuirudisha wenyewe, ndani ya simu zetu, juu ya nyuso za watoto wetu. Kurekebisha picha ni kumsaidia mtu aonekane alivyo pale kamera ilipomshindwa. Anayeketi mbele yako Changamwe anataka watu wake wamtambue, na fundi analipwa kwa hilo.