Mawe ya Mvita, kutoka Timboni hadi Bamburi

Msafiri Ibn Battuta alilala Mombasa, au Mvita, usiku mmoja mwaka 1331, akaandika kwamba misikiti yake ni ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi. Agosti 1505 Wareno wa Francisco de Almeida walipouvamia mji huo na kuutia moto walikuta mambo mengine: nyumba za ghorofa zimebanana kwenye vichochoro, kuta za mawe zimepakwa chokaa. Moto ulitafuna makuti na mbao, mawe yakabaki.

Matofali mekundu ya udongo wa kuchoma, yale ya Kisii na Kakamega, hayakuhitajika hapa. Kisiwa chenyewe ni mwamba wa matumbawe yaliyoota baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, kisha maji yakashuka yakayaacha juu. Chimba shimo la choo mtaa wa Kibokoni, hukawii kugonga jiwe.

Waashi waliyajua matumbawe ya aina mbili. La nchi kavu, linalotoka timboni, yaani machimboni, ni gumu na lina matundu. Ndilo la kuta. La baharini hukatwa likiwa hai, na likiwa bado bichi huchongeka kwa tindo bila taabu, kisha likikauka hukaza. Hilo liliwekewa kazi za heshima: mihirabu, vizingiti vya milango, vidaka vya kuwekea vyombo vya kauri. Ukuta wa kawaida wala haukuwa wa mawe yaliyonyooka. Vipande vya kila umbo vilipangwa kwa udongo mwekundu na chokaa hadi unene wa nusu mita hivi, halafu lipu ikaficha yote. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ikizidi mita tatu hupinda, vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Mwenye nyumba alipenda asipende, kipimo kilitoka kwenye mti.

Lakini kazi yenyewe hasa ilikuwa ya chokaa. Tanuu lilipangwa uwanjani: magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati pameachwa tundu la kutilia moto. Juu ya magogo yakamwagwa matumbawe yaliyopondwa. Moto ukishashika ulikesha, nao ulihitaji kufika nyuzi 900 hivi ili jiwe litoe hewa yake yote. Upande uliopoa ulibaki mawe tu, hasara ya mwenye tanuu. Rundo likianguka na kupoa, madonge meupe yalimwagiwa maji, yakachemka na kufoka, yakawa unga. Unga huo haukutumiwa papo hapo. Ulifunikwa ukaachwa miezi kadhaa, kwani chokaa changa hupasuka ukutani. Ikishapakwa huanza kunywa tena hewa iliyoitoa motoni, polepole, hadi irudi kuwa jiwe.

Wareno nao, pamoja na bunduki zao, walitumia alichotumia kila mtu. Ngome ya Yesu, iliyoanzwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, imekaa juu ya mgongo wa matumbawe, na handaki lake limechongwa humo humo. Ilizingirwa na Waomani tangu 1696 hadi ilipoanguka mwishoni mwa 1698. Serikali ya kikoloni ikaigeuza gereza mwaka 1895. Tangu 2011 imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Mwaka 1951 Felix Mandl alianzisha kampuni ya saruji Bamburi, kaskazini mwa kisiwa, na mwaka 1954 kiwanda kikaanza kazi. Malighafi ni yale yale matumbawe. Tofauti ni kwamba huchanganywa na udongo na kuchomwa hadi nyuzi 1,450, na mfuko ukifunguliwa leo, ukuta hukaza kesho. Mashimo ya machimbo yalibaki kama uso wa mwezi mpaka René Haller alipoanza kupanda mivinje humo mwaka 1971. Sasa watoto wa shule hupelekwa huko kuona viboko.

Timbo nazo zimehamia Kilifi, ambako msumeno wa injini hukata jiwe la inchi tisa kwa tisa na la sita kwa tisa, wakataji wakiwa weupe kwa vumbi hadi kwenye kope. Ghorofa mpya za Mombasa zina nguzo za zege, lakini katikati ya nguzo ni mawe hayo.

Tatizo liko Mji wa Kale. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya chini pamoja na chumvi, na zamani unyevu ulitoka kupitia chokaa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani: lipu hufura na kubanduka, na ncha za boriti huoza mahali pasipoonekana. Wataalamu wa hifadhi wamelisema hili miaka mingi. Ni vigumu hata hivyo kumlaumu mwenye nyumba ambaye mpangaji wake analalamika leo. Saruji iko duka la pembeni, chokaa nzuri hutaka kusubiri. Tena magogo ya mikoko yana ulinzi wa sheria, na matumbawe hai mbele ya Nyali na Bamburi yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa tangu 1986. Fundi anayetengeneza mihirabu iliyomeguka hutafuta kwanza jiwe la nyumba iliyobomoka.