Mji wa Unguja Katika Picha za Zamani

Picha ya kale ni kimya, lakini anayejua kuitazama husoma mengi. Kwa picha za Mji Mkongwe wa Zanzibar, tuanze na mnara wa saa. Ukiwa umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, jengo lililojengwa mwaka 1883, picha hiyo ilipigwa kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Kiingereza zilipoipiga mizinga kasri ya Sultani. Ukiwa umeungana na jengo lenyewe, ilipigwa baadaye. Zikionekana reli barabarani, tumefika zama za treni ya Bububu, mwanzoni mwa karne ya 20.

Tukishajua wakati, tutazame kazi. Tunaona pembe za ndovu, magunia ya karafuu na majora ya merikani, kitambaa kilichobeba jina la nchi kilikotoka. Ushuru wa bidhaa hizo uliwahi kusimamiwa na Jairam Shivji, Mbhatia kutoka Kachchh. Tunaona pia masonara, mafundi cherahani na wenye maduka walioketi barazani wakingoja wateja.

Hata hivyo, picha hazikuwatendea watu wote haki sawa. Jina la tajiri liliandikwa juu ya mlango wa duka. La hamali aliyebeba gunia halikuandikwa popote. Utumwa haukufutwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897. Hivyo, katika picha za kabla ya hapo, huenda aliyebeba mzigo hakuwa mtu huru. Tunapojivunia biashara ya wazee wetu, hatuna budi kumkumbuka naye.

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, na watu wa kila dini walipigwa picha humo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi zilihama, na albamu zao zikasafiri nazo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka. Mawe nayo yana mwisho wake.

Waumini na majirani wapendwa, zitoeni picha makabatini wazee wangali hai. Waulizeni ni nani, mtaa gani, mwaka gani. Kisha andikeni nyuma yake kwa penseli, taratibu. Msiishie kwa mwenye duka: ulizeni pia jina la yule aliyesimama pembeni na mzigo begani.