Chuma Kina Shibe Yake

Msomaji aliyepata kusoma fizikia atakumbuka koili: waya uliozungushwa mara nyingi, aghalabu juu ya kiini cha chuma. Ukiipa volti, mkondo wa umeme haupandi mara moja, bali kidogo kidogo. Koili ya milihenri 1 ikipewa volti 12, tukiacha kando ukinzani wa waya, mkondo hupanda ampea 12 kila milisekunde. Mchoro wake ni mstari ulionyooka.

Lakini chuma kina shibe yake. Usumaku ukikaribia kikomo, koili hupoteza nguvu ya kuuzuia mkondo, nao hupanda kwa kasi. Mwaka 1873 Mmarekani Henry Rowland alichapisha vipimo vyake kuhusu kikomo hicho. Miaka 100 baadaye, 1973, Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kilitoa SPICE, programu ya kompyuta ya kujaribia saketi kabla hazijaundwa. Hata hivyo, katika programu za ukoo huo, mtu akiandika thamani moja tu ya koili, kompyuta huendeleza mstari ule ule bila kikomo. Saketi iliyofanya kazi vizuri kwenye kioo huweza kuunguza transista mezani. Kompyuta haikukosea hesabu. Haikuambiwa habari za shibe. Fundi mwangalifu huongeza kielelezo cha chuma chenyewe, kama kile cha Jiles na Atherton cha miaka ya 1980, kinachozingatia hata usumaku uliobaki ndani ya chuma kutokana na mikondo iliyotangulia.

Kosa la namna hiyo tulilionja huku kwetu kabla ya kompyuta. Mwaka 1946 wataalamu wa Kiingereza walipanga mashamba ya karanga 107, kila moja eka 30,000, jumla eka 3,210,000. Mengi yalikusudiwa Jimbo la Kusini, lililojumuisha Kilwa na Lindi. Kuzidisha kulikuwa sahihi kabisa. Lakini Kongwa, kazi ilikoanzia, udongo ulikauka ukawa kama saruji na visiki vikavunja majembe ya matrekta. Huku kusini, kabla Nachingwea haijavuna cha maana, ilibidi kwanza zijengwe reli na bandari. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Reli nayo ilikuja kufungwa.

Wakulima wa nchi hii walijua ardhi yao inachoka wapi na mvua inakatika lini. Ujuzi huo ulikuwapo, kama vipimo vya Rowland vilivyokuwapo. Haukutiwa katika hesabu.

Kwa hiyo nawausia walimu vijana: mwanafunzi akileta jibu sahihi, msiishie kumpa alama. Mwulizeni, "Ni kweli mpaka wapi?" Na sisi wazee, tunapoonyeshwa leo michoro ya mapato ya gesi yanayopanda mwaka hadi mwaka, tusione haya kuuliza swali hilo hilo.